Ukumbi wetu hapa Umoja: tuwape walioacha pombe, au la?

Katibu wa Kamati: Wakazi, kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Wanaomba ukumbi kila Jumanne kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni. Tayari wameutumia mara mbili kwa majaribio na leo ni ya tatu, kodi watalipa. Kura ni Jumapili. Toeni maoni, na naomba tusitoke nje ya mada.

Baba Mapacha: Mimi nakataa. Mlevi ni mlevi. Kesho ngazi zitajaa matapishi. Na mwanamume mzima anasimamaje mbele ya watu kutangaza "mimi ni mlevi"? Mambo ya Wazungu hayo.

Dada wa Kioski: Matapishi ya ngazini yanatoka baa ya hapo chini. Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti pombe, inasema siku za kazi wafungue saa kumi na moja jioni. Mimi nikifungua kioski alfajiri nakuta watu ndani wanatoa lock, wanakunywa ya kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Hao hujawahi kuwaandikia barua.

Baba Mapacha: Baa ina leseni, dada. Uza mandazi.

Mwalimu Mstaafu: Ya Wazungu ni kweli. Yalianzia Akron, Ohio, 1935: dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, wakagundua kwamba wakiongea hawanywi. Lakini na bia ya chupa ilikuja kwa meli, kijana wangu. Hiyo mbona uliipokea?

Mtumishi 3C: Anayeokoa ni Yesu. Watu waombewe, ukumbi wapewe vijana wa kwaya.

Fundi wa Mifereji: Mtumishi, kaka yangu tulimfungia chumbani aombewe. Alikuwa mtu wa mzinga, chupa kubwa ya pombe kali, kila siku. Siku ya pili arosto ya kukosa pombe ikampanda, akatetemeka, akakakamaa kama ubao, povu mdomoni. Kule hospitalini daktari alitugombeza: mtu wa hivyo hakatizwi ghafla bila kuangaliwa. Anza na 1192, ile nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ni bure. Halafu uombe.

Mtumishi 3C: Sikusema asipelekwe hospitali. Usinilishe maneno.

Kijana wa Boda: Heri hata wa mzinga. Wale wa kumi kumi, ile pombe haramu, walikufa Mukuru hapa Nairobi, mwaka gani ule, 98?

Mwalimu Mstaafu: Novemba 2000. Zaidi ya watu mia moja, na wengine wakabaki vipofu. Ilikuwa methanoli.

Mweka Hazina: Mimi sina neno na hicho kikundi. Ila tu niseme, Jumanne iliyopita walipotoka sukari ya kamati ilikuwa imekwisha. Kilo mbili. Niliinunua Jumamosi.

Mama 4B: Kilo mbili kwa siku tatu? Hiyo si ndiyo tuliyochangia ya matanga ya kina 1A?

Mweka Hazina: Mama, unaniita mwizi?

Mama 4B: Nani ametaja mwizi? Nimeuliza sukari.

Mweka Hazina: Miaka sita naweka vitabu vya hii ploti bila hata nauli. Leo naulizwa sukari!

Kijana wa Boda: Tulieni. Mtu akiacha pombe mwili hudai sukari. Mjomba wangu alikuwa anatia vijiko vitano kwa kikombe kimoja, anakoroga mpaka chai inakuwa nzito kama uji. Mkebe wa kilo mbili kwake ni wiki.

Baba Mapacha: Kwa hivyo sasa tununulie walevi sukari. Safi sana.

Jirani wa Blok D: Nilikuwa mle ndani. Tulikuwa tisa, themosi moja. Kapu lilipitishwa, kila mtu akatia alichonacho, tukanunua majani na sukari yetu. Kikundi hakipokei pesa ya nje, ndio utaratibu wake. Risiti niliiacha chini ya birika.

Baba Mapacha: Ahaa! Kumbe na wewe ni mmoja wao!

Jirani wa Blok D: Ndiyo. Na unanijua. Mwaka jana meza ya dirishani hapo chini ulikuwa ukiniongezea chupa nikikwambia zimetosha. Siku hiyo hukuniita mlevi, uliniita mtu wa watu.

Dada wa Kioski: Woi.

Baba Mapacha: Hayo ni mambo ya watu wawili, huyaleti hapa mbele ya kina mama.

Mama 4B: Sisi kina mama tumeyasoma. Risiti inasema kilo ngapi?

Mweka Hazina: Nimeipata. Kilo moja, majani gramu mia moja. Basi yao walinunua. Yetu iko wapi?

Katibu wa Kamati: Niliomba tusitoke nje ya mada.

Mama 4B: Mada ni sukari.

Fundi wa Mifereji: Ufunguo wa jikoni unao watu wangapi?

Mweka Hazina: Mimi na soja.

Soja wa Geti: Habari za jioni wakubwa. Sukari niliazima mimi, usiku wa zamu ni baridi na duka lilikuwa limefungwa. Nitarudisha mwisho wa mwezi. Halafu hao watu wa Jumanne wamefika, wako hapa getini saba. Niwafungulie ama wangoje Jumapili?

Mama 4B: Kilo mbili, soja? Unakunywa chai na nani?