Tupeane uzoefu: ulijiandaaje na marathoni yako ya kwanza? Wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, karibuni

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Mbio za kilomita 10 na 21 nimeshazikimbia hapa mjini. Mwakani, Mungu akijalia, nataka kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon nikimbie 42 kamili. Mbio zile huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mazoezi ya maana yaanze Oktoba, vuli ikiwa inaingia.

Kwenye kundi letu la jogingi tunaanza wengi, lakini kila mwaka watu wanapukutika ndani ya miezi miwili. Huyu goti, yule ugoko, mwingine kisigino hakikanyagiki asubuhi. Nimewaangalia kwa muda mrefu na kwa maoni yangu shida si uvivu, maana mvivu haamki saa 11 alfajiri. Shida ni kasi. Mtu amekaa ofisini miaka, wiki ya kwanza tu anataka kumfuata kijana anayekimbia tangu shule ya msingi, tena kwenye mlima wa Bugando. Mimi sasa naanzia Capri Point, nazunguka kando ya ziwa taratibu, na nikishindwa kuongea na mwenzangu sentensi nzima, napunguza.

Wenye uzoefu wa 42 tuelezeni: mlianzaje, mlipita njia zipi, mlikula nini, na baada ya kilomita 30 kunatokea nini hasa?

Mkazi wa Mkolani

Mkuu, hapo kwenye kasi umegusa penyewe. Kocha aliyenisaidia alinieleza hivi: moyo na mapafu vinazoea mazoezi ndani ya wiki chache, ila mishipa inayoshika misuli na mifupa inachukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi inakwambia twende wakati ugoko bado haujawa tayari. Hapo ndipo wengi wanaumia, na wanaumia wakiwa wanajisikia vizuri kabisa.

Mimi nilianza kwa kuchanganya: nakimbia dakika tatu, natembea moja. Watu barabarani walikuwa wananionea huruma, wanadhani nimechoka. Siku za katikati ya wiki nilikimbia kidogo kidogo, na Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mbio ndefu. Kila wiki niliongeza kilomita moja au mbili tu, na kila wiki ya nne nilirudisha nyuma ili mwili upumue. Ndefu kuliko zote ilikuwa 30 na kitu, wiki tatu kabla ya mashindano. Baada ya hapo ni kupunguza. Usijaribu kukimbia 42 nzima kwenye mazoezi, utafika Moshi umeshachoka.

Njia yangu ni barabara ya Shinyanga: Mkolani, Buhongwa, naelekea Usagara, halafu narudi. Ijumaa jioni naacha chupa mbili za maji kwa mama mmoja mwenye genge pale Buhongwa, asubuhi nazikuta. Na jamani, kimbieni upande wa kulia, magari yakija mnayaona usoni. Malori ya alfajiri hayana mchezo.

Mama wa Pasiansi

Nami nichangie kwa niaba ya akina mama, maana mambo yetu ni tofauti kidogo. Kwetu jua linachomoza kama saa 12 na nusu, kwa hiyo ukitaka kumaliza kabla watoto hawajaamka unatoka gizani. Peke yangu sikuthubutu. Niliongea na majirani wawili, tukawa watatu, tunafuata barabara ya uwanja wa ndege, pale ni tambarare na hapana vilima vya kukatisha tamaa. Siku za mbio ndefu mume wangu alikuwa anatufuata kwa baiskeli, kabeba maji na ndizi kwenye kikapu. Mwanzoni aliona aibu watu wanavyomwangalia. Baadaye ikawa yeye ndiye anayetuamsha.

Vitu vya kuzingatia, dada zangu: sidiria ya michezo inayobana vizuri nunueni mapema kuliko hata fulana. Pakeni mafuta ya mgando mapajani, kwapani na penye mshono wa sidiria, msipopaka mkioga mtalia. Na kama unatoka damu nyingi kila mwezi na unajikuta unahema kwenye mwendo uliouzoea, nenda kapime wingi wa damu. Mwenzetu mmoja tulidhani hajitumi, kumbe damu ilikuwa imeshuka. Alipewa dawa za madini ya chuma, akaongeza dagaa na maini, baada ya miezi michache akawa anatuacha.

Mzaliwa wa Magu

Mleta mada ameuliza kuhusu kilomita 30. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo kwa wengi wetu inaelekea kuisha kati ya kilomita 30 na 35. Ikiisha, miguu inakuwa mizito ghafla, kichwa kinakata tamaa, unaanza kuhesabu nguzo za umeme. Nimepita hapo. Dawa ni mbili: usianze kwa kasi, kwa sababu kasi inakula akiba haraka, na ule mapema kabla hujasikia njaa.

Wengine wananunua zile jeli za pakiti, bei yake inaumiza. Mimi natumia matobolwa, na nasema kwa dhati, Wasukuma tumeachiwa chakula cha mbio na wazee wetu. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Ni vikavu, vitamu, vinakaa mfukoni bila kuharibika. Navikata vidogo kama ncha ya kidole, naloweka kidogo usiku ili vilainike, naongeza chumvi. Kuanzia dakika ya 40 natafuna kipande kimoja taratibu, nasukumia na maji, na narudia hivyo hadi mwisho. Michembe usibebe, vile ni viazi vilivyoanikwa bila kupikwa, utavunja meno bure.

Ila jaribu kwenye mazoezi kwanza. Siku ya mashindano usile kitu ambacho tumbo halikijui, hata kama kinagawiwa bure. Na maji kunywa kwa kiu, si kila meza unamimina chupa nzima. Maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi kwenye damu, na watu wamewahi kufa kwa hilo.

Muuguzi wa Kirumba

Naongezea ya afya kwa ufupi. Tabia ya kumaliza mbio na kwenda kutumbukiza miguu ziwani iacheni. Najua maji yale ya asubuhi yanavyotuliza misuli, lakini kichocho kwenye fukwe zetu kipo. Vimelea vinatoka kwa konokono na vinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache, hata huhisi. Ukitaka maji baridi, chota ya bomba uweke kwenye beseni. Aliyekwisha zoea kuingia ziwani aende kupima, dawa yake ipo na inatibu.

Pili, ukipata homa usikimbie. Kapime malaria, maliza dozi, pumzika siku kadhaa baada ya kupona, kisha anza chini ya pale ulipoishia. Tatu, msimeze diclofenac au dawa nyingine za jamii hiyo kabla ya mbio ili msisikie maumivu. Figo zinakuwa tayari na kazi kubwa kwenye joto, na maumivu yale ndiyo yanayokwambia usimame.

Mpenda raba

Raba za mtumba soko la Mlango Mmoja zipo nzuri sana. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, iache hata kama inang'aa, imezeeka. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, chukua iliyozidi upana wa kidole mbele. Kucha zako zitakushukuru.

Mkimbiaji wa Nyegezi

Moshi nimekimbia, na ntaeleza ilivyo. Nusu ya kwanza ni rahisi, na ndipo mtego ulipo. Umati unapiga kelele, wenzako wanakupita, unatamani kuwafuata. Baadaye unaanza kupanda kuelekea Mweka, na pale niliwakuta wengi walionipita wakiwa wamekaa pembeni wanashika mapaja. Nilitembea sehemu za mwinuko mkali kama nilivyokuwa nimepanga, kisha nikashuka taratibu. Sisi tunaoishi Mwanza tuna faida: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Moshi mjini, na vilima tunavyo mlangoni.

Mnaodhani uvumilivu ni wa wanyonge, mwangalieni Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo mwaka 2025. Alikaa nyuma ya wenzake mpaka mita za mwisho ndani ya uwanja, akachukua dhahabu ya dunia kwa sekunde 0.03. Na huku kwetu ziwani tuna Suleiman Nyambui wa Majita, fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980, kisha mshindi wa marathoni ya Berlin 1987 na 1988.

Jambo la mwisho ni safari. Kutoka hapa ni siku nzima kwenye basi, miguu inavimba. Msiondoke Ijumaa kwa mbio za Jumapili. Ondokeni Alhamisi, mpumzike siku mbili, Jumamosi mtembee kidogo tu. Vyumba vya bei nafuu vinajaa mapema wiki ile. Mimi ntaenda tena, kwa hiyo wanaotaka tupande basi moja stendi ya Nyegezi na kugawana vyumba waandike hapa chini kabla ya Desemba, niongee na mwenye nyumba ya wageni niliyolala.