Nyumba ya babu inalindwa kisheria, ndugu wamegawanyika na ukuta unalia maji. Naombeni ushauri

Mjukuu Mkubwa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Babu ametuachia nyumba ya mawe na chokaa. Kuta zake ni nene, mtoto anajilaza dirishani akatosha. Ina ghorofa moja, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mbao. Imepita miaka mia na imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kwa hiyo hata dirisha hubadilishi bila kibali.

Tuko ndugu wanne. Wawili wanasema tuiache ianguke yenyewe, ikishalala chini hakuna wa kutuzuia kujenga. Dada yetu mdogo hataki upigwe hata msumari. Mimi nataka watu waishi humo, wawe na choo cha ndani na umeme usiotisha.

Miaka mitatu nyuma kuta za chini zilikuwa na unyevu usawa wa kiuno. Tukaleta fundi akapiga plasta ya saruji ndani na nje. Mwaka wa kwanza ilipendeza. Sasa unyevu uko kifuani, rangi inabambuka, na ukutani inatoka chumvi nyeupe kama unga. Fundi anasema tuongeze saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Nianzie wapi, na ndugu zangu niwaambie nini?

Mzee wa Chokaa

Mkuu, huyo fundi mlipeni nauli arudi kwao. Usiongeze hata ndoo moja.

Ukuta wa mawe na chokaa haukujengwa kuzuia maji. Umejengwa kuyapokea na kuyaachia. Unyevu unaingia kutoka ardhini na kwenye mvua, halafu unatokea juu ya plasta ya chokaa na kukauka kwa hewa. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke vizuri. Ulipoufunika ukuta kwa saruji, maji hayakuondoka, yalikosa njia tu, yakapanda hadi pale plasta inapoishia. Ndiyo maana unyevu umetoka kiunoni ukafika kifuani. Hiyo chumvi husafiri na maji, na yakikauka inaganda ndani ya vitundu vya jiwe, inavimba na kulimega. Jiwe linakuwa unga huku plasta yako imesimama imara kabisa. Nimeshabandua saruji nikakuta nyuma yake mchanga mtupu.

Kwa hiyo kabla hujagusa ukuta, tafuta maji yanatoka wapi. Angalia gata (mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa), bomba la choo cha jirani, na udongo wa nje: mara nyingi miaka ikienda ardhi ya nje inapanda ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Ukishaziba chanzo, jaribu kubandua kipande kidogo cha saruji, kwa patasi na nyundo, si kwa mashine. Kikitoka na jiwe, simama. Kikitoka salama, endelea polepole, kisha uache ukuta ukauke. Kwa unene huo ni miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Usidanganywe na mtu mwenye haraka.

Bomoa Tujenge

Maneno mengi kwa ajili ya mawe. Watu wanahitaji pa kulala. Mji wa kale wa Warsaw, Poland, ulisagwa karibu wote na Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya, na mwaka 1980 UNESCO wakauingiza kwenye Urithi wa Dunia. Piga picha, bomoa, jenga mpya yenye sura ileile. Nani atajua?

Mchora Ramani

@Bomoa Tujenge, mfano ni wa kweli ila umeusoma kinyume. Warsaw walijenga upya kwa sababu mji wao ulibomolewa kwa makusudi na adui, na kilichoheshimiwa ni ule ujenzi wenyewe wa kurudisha kilichoporwa. Mtu akibomoa nyumba yake kwa hiari halafu akajenga sanamu yake, hilo ni jambo jingine.

Na wanaopenda zege nao wakumbuke mlango wa kutokea upo. Dresden ya Ujerumani iliondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya, Liverpool ya Uingereza ikafuata 2021 kwa sababu ya majengo mapya bandarini.

Mleta uzi, dada yako naye umwambie ukweli: nyumba isiyokaliwa hufa mapema. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wengi ndio wanaouegemea, unasema wazi kwamba kulipatia jengo matumizi yenye manufaa kwa jamii kunasaidia kulihifadhi, mradi usivuruge mpangilio wala mapambo yake. Kituo cha treni cha Orsay, Paris, kilifunguliwa 1900, kikapitwa na wakati kwa sababu treni zilirefuka kuliko majukwaa yake, na tangu 1986 ni jumba la makumbusho. Kingekuwa kimeachwa "kisiguswe" leo kisingekuwepo.

Ushauri wangu wa kazi: kaeni ninyi wanne na karatasi. Andikeni ni nini kikiondoka, nyumba hii haitakuwa ya babu tena. Labda ni ngazi, boriti, mlango mkuu, upana wa kuta, ua. Vikiwa vitano au sita, vimetosha. Hivyo havisogei. Vilivyobaki mna uhuru navyo. Choo kiwekeni kwenye chumba ambacho tayari kimeshavurugwa, mabomba yapite juu ya ukuta na si kuchimbiwa ndani, ili siku mjukuu wenu akibadili mawazo aondoe bila kuacha kidonda. Nyongeza ya nyuma ijengeni ionekane ni mpya, iwe na adabu tu kwa ile ya zamani. Msiigize ukongwe.

Karani wa Mirathi

Nyongeza fupi kwa wale ndugu wawili. Sehemu nyingi zenye sheria za aina hii, kuliacha jengo liharibike makusudi hakukupi uhuru wa kujenga unachotaka. Mnaweza kuamriwa mlitengeneze au mlirudishe. Muulizeni ofisa husika kwa maandishi kabla ya kukipigia hesabu kiwanja. Na msiende na ombi la jumla la "ukarabati". Nendeni na picha, vipimo na mchoro wa kila badiliko.

Mjukuu Mkubwa

Asanteni sana. Nimerudi na habari.

Jumamosi nilibandua kipande cha ukubwa wa sinia nyuma ya nyumba. Saruji ilitoka kama ganda la yai na nyuma yake jiwe limelowa tepe. Nje nilichimba kidogo nikakuta udongo umepanda shubiri mbili juu ya sakafu ya ndani. Maji yote ya bati la jirani yanamwagika hapohapo. Miaka mitatu tumekuwa tukimsingizia jini la ukuta.

Niliwaita ndugu waone kwa macho. Yule anayeongoza kundi la kuvunja aligusa jiwe, akanyamaza, halafu akauliza ua una urefu gani. Dada kaandika orodha ya vitu kumi na nne visivyoguswa, tumemshusha hadi tisa. Bado tunagombania ngazi: ni nyembamba, mama hapandi.

Mzee wa Chokaa

Ngazi iacheni, mama mpeni chumba cha chini kuta zikishakauka. Kesho anza na huo udongo wa nje, uushushe chini ya usawa wa sakafu, ila usichimbe hadi ukaacha msingi wazi. Na ongea na jirani kuhusu gata kabla ya mvua. Ukifika kwenye plasta nitafute, chokaa lazima izimwe vizuri (ichanganywe na maji hadi itulie) na ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke kwa pupa.