Noah D4 inanuka petroli alfajiri: nitajuaje kama ilifanyiwa marekebisho ya rikoli?

mkazi_uyole
Wakuu, habari za kazi. Kuna Noah AZR60 ya 2004, injini 1AZ-FSE, yaani D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inauzwa hapa Mwanjelwa. Bodi imetulia, gia zinaingia vizuri. Tatizo ni moja: ikiwashwa alfajiri inanuka petroli upande wa mbele, ikishapata moto harufu inakata. Dalali anasema ni baridi ya Mbeya tu, D4 zote ndivyo zilivyo. Wakati huohuo nasikia Toyota waliwahi kutoa rikoli ya Noah, yaani kuyaita magari yarudi kurekebishwa kasoro ya kiwandani, kwa hatari ya kuvuja mafuta. Nitajuaje kama hii ilikuwemo, na kama ilitengenezwa kabla ya kuletwa huku? Na kabla ya kutoa hela nikague wapi? Itabeba abiria wa Tukuyu, sitaki kubahatisha na roho za watu.

fundi_nozeli
Mkuu, baridi haitengenezi harufu ya petroli. Baridi inafichua palipo na kasoro. Oringi (pete za mpira za kwenye maungio) na sili za mpira zikizeeka zinakauka na kuwa ngumu. Usiku wa Juni au Julai zinasinyaa, asubuhi pampu ikisukuma, mafuta yanapenya pembeni. Injini ikipata moto mpira unatanuka na kuziba, harufu inaisha. Ndiyo maana gari kama hiyo ikipelekwa gereji saa sita mchana fundi haoni kitu, anasema iko safi. Ukaguzi ufanyike alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha. Mwambie dalali asiiwashe mpaka ufike, na ukifika gusa rejeta kwanza. Ikiwa na uvuguvugu, ahirisha.

Rikoli ipo kweli. Januari 2011 Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 1.7 duniani kwa hatari ya kuvuja mafuta. Mengi yalikuwa Japan kwenyewe, Noah na Voxy zikiwemo. Kasoro ilikuwa kwenye mabomba ya mafuta, na kwa baadhi ya magari kwenye pampu ya presha kubwa.

Uelewe kwa nini D4 haitaki mzaha. Ina pampu mbili. Ya ndani ya tenki inatoa bar 4 hivi. Ya pili imefungwa kwenye silinda hedi, inasukumwa na kemshafti, na inapandisha presha hadi bar 80 na kuzidi, maana nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ufa mdogo upande huo haudondoshi matone, unarusha ukungu wa petroli juu ya injini yenye moto.

Kukagua: egesha sehemu ya wazi, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara. Tandika boksi jeupe chini ya injini. Mmoja awashe, mwingine asimame pembeni na kizimamoto cha unga mkononi, amulike kwa tochi ya LED, siyo taa ya balbu ya gereji ambayo kioo chake kinaunguza. Tazama kwa dakika mbili: maungio ya bomba la chuma, kitako cha pampu kinapokutana na silinda hedi, na mpira unaoleta mafuta kutoka tenki. Usipitishe mkono kwenye bomba la presha kubwa kutafuta unyevu. Mchirizi wa presha ile unatoboa ngozi na kuingiza petroli ndani ya nyama, na kidonda hicho ni cha hospitali hata kama tundu halionekani. Tumia kipande cha boksi: kikilowa, umepata.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepita alama ya juu, nyepesi na inanuka petroli, sili ya ndani ya pampu imekufa na mafuta yanashuka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Huo ni ugonjwa unaojulikana wa pampu za D4, na ni mbaya kuliko unaoonekana, kwa sababu hakuna tone linaloanguka chini. Oili inapoteza uzito, beringi zinakwisha, na mvuke wa petroli unajaa ndani ya injini. Dawa ni kubadilisha pampu, kumwaga oili yote na kuweka filta mpya.

spea_ipogolo
Kuhusu rikoli yenyewe: magari ya soko la ndani la Japan hayana namba ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo tovuti za Marekani zinazotaka namba hiyo hazitakusaidia. Unachohitaji ni namba ya chesisi, mfano AZR60 ikifuatiwa na kistari na tarakimu saba. Isome kwenye kadi, kisha linganisha na kibati cha kwenye gari. Zikitofautiana, ondoka, hapo kuna jambo kubwa kuliko rikoli. Ingia tovuti ya Toyota ya Japan, ukurasa wa kutafuta rikoli, jaza namba hiyo na utumie tafsiri ya simu. Inaonyesha kama gari lilihusika na kama kazi ilifanyika.

Kisha fungua mlango wa dereva uangalie karibu na kile chuma ambacho kitasa kinashika mlango ukifungwa. Kwa utaratibu wa Japan, gari likishafanyiwa marekebisho linabandikwa hapo stika ndogo yenye namba ya rikoli. Stika ikikosekana usihukumu moja kwa moja, huenda mlango ulipigwa rangi. Amini majibu ya namba ya chesisi.

Ikionekana haikufanyiwa, andika barua pepe kwa wakala wa Toyota nchini ukiweka namba ya chesisi, picha ya kibati na majibu ya tovuti. Gari lililoingia kwa mtu binafsi si rahisi kutengenezwa bure, lakini uliza kwa maandishi upate jibu la maandishi. Masuala ya rikoli kwa watumiaji hapa kwetu yanapita Tume ya Ushindani, FCC.

mkazi_uyole
Nashukuru sana. Nimemrudia dalali. Anasema fundi wake atapaka silikoni kwenye maungio na kukaza klipu, kazi ya nusu saa. Na kuna pampu ya mtumba ya bei poa.

fundi_nozeli
Silikoni inavimba na kumeguka ikikaa kwenye petroli, na vipande vyake vinaishia kwenye nozeli. Sabuni ya kipande ambayo watu wanazibia tenki lililotoboka barabarani nayo haina nafasi kwenye bomba la presha. Bomba la chuma lenye ufa linabadilishwa zima, halichomelewi wala halikatwi na kuungwa kwa mpira. Mpira wa upande wa presha ndogo uwe umeandikwa SAE J30R9. Ulioandikwa R7 ni wa magari ya kabureta, presha ya pampu ya tenki ya D4 inazidi uwezo wake.

Na kabla ya kufungua chochote, presha itolewe: chomoa rilei ya pampu ya mafuta, washa injini uiache izime yenyewe, zungusha starta mara mbili tatu, kisha fungua terminali hasi ya betri kwa spana namba 10. Subiri ipoe. Nati ya kwanza ifunguliwe taratibu ikiwa imefunikwa kitambaa.

spea_ipogolo
Pampu ya mtumba inaweza kuwa imetoka kwenye gari la rikoli ileile. Ukilazimika, piga picha namba iliyogongwa kwenye pampu ya zamani ulinganishe, na oringi ziwe mpya, zile za petroli, siyo za maji zinazouzwa maduka ya mabomba.

dereva_makambako
Niongeze upande wa nyuma, maana watu wanachanganya. Harufu ikija baada ya kujaza mafuta, na iko nyuma, kagua mpira wa shingo ya tenki, mpira wa kupumulia na gasketi ya juu ya pampu. Pampu ya sheli ikikata yenyewe, mhudumu asiongeze ili hela ifike namba nzima.

mkazi_uyole
Swali la mwisho. Kuna fundi wa D4 Iringa ninayemwamini. Naweza kuiendesha mpaka kwake ikaguliwe?

fundi_nozeli
Hapana, kama boksi limelowa au oili imepanda. Ipakiwe ikiwa imezimwa, au fundi aje Mbeya na vifaa vyake. Kama alfajiri mbili mfululizo boksi ni kavu na oili iko sawa, harufu yatoka kwingine na inaweza kwenda, lakini bila abiria na kizimamoto kikiwa karibu na dereva, siyo chini ya mizigo. Harufu ikirudi njiani zima, teremkeni wote. Moshi ukitokea usifungue boneti yote, hewa itauchochea moto. Nyanyua kidogo tu, puliza unga kupitia upenyo, usimwage maji. Zimamoto ni 114.