Mhalifu wangu ana akili sura 30, sura ya 31 anageuka zuzu. Nimsaidieje?

Kalamu Butu

Wakuu, heshima kwenu. Nina muswada wa riwaya ya upelelezi ambao nimeuandika miaka mitatu, usiku usiku baada ya kazi, na sasa umenikwama kooni. Sura 30 zimepita salama. Ya 31 ndiyo mpelelezi wangu, Kambo, anakutana ana kwa ana na hasimu wake. Hapo ndipo kitabu kinapokufa.

Hasimu mwenyewe kitabuni anaitwa Mhasibu, basi. Mtu msafi, sauti ya chini, hajawahi kushika silaha. Amepeleka watu wanne jela kwa wizi alioufanya yeye, na kila mmoja alihukumiwa kwa leja iliyoonekana safi mpaka senti ya mwisho. Kasoro yake ni moja: havumilii hesabu iliyokosewa. Sura ya 5 analetewa bili ya chai iliyopungua, anaisahihisha na kulipa zaidi.

Sasa sura ya 31. Kambo anaingia ofisini usiku, anaweka karatasi zake mezani. Mhasibu anatabasamu, anavua miwani, halafu anaeleza kila kitu. Kurasa nne nzima! Aliwapata vipi wale wanne, fedha zilipita wapi, nani alimsaidia. Kambo ana kinasa sauti mfukoni. Mwisho.

Nilimpa dada yangu asome. Alipofika hapo akaweka karatasi chini, akaniuliza: "Huyu mtu amekuwa mwerevu sura 30. Leo kimempata nini?" Akaenda zake kulala. Mimi sikulala.

Nimejaribu kurekebisha. Nikimwongezea Kambo akili, Mhasibu anakuwa kitoto. Nikimwongezea Mhasibu, Kambo anashinda kwa bahati tu (kuna toleo ambalo shahidi anatokea mlangoni kutoka hewani, nimelichana). Toleo la tatu nikawafanya wapigane. Kambo ana miaka 58 na goti bovu. Niliona aibu mwenyewe.

Swali langu: mtu mwenye akili anashindwaje bila mwandishi kumpokonya akili? Naomba kuwasilisha.

Chumvi Kidogo

Goti bovu libaki. Mengine choma.

Bibi Maktaba

Mwanangu Kalamu, usichome kitu. Dada yako amekuonyesha ugonjwa, dawa iko pale pale.

Kosa ni kudhani kwamba pambano la akili ni mazungumzo. Umewakalisha watu wawili mezani ukangoja maneno yaamue. Kwa watu wa aina hii, wanapokaa mezani mambo yameshaamuliwa, na kilichobaki ni kuona nani alishapigwa bila kujua.

Chukua hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1844, ile ya barua iliyoibwa. Waziri mmoja ameiba barua ya mwanamke mkubwa wa jumba la kifalme, na kila mtu anajua ni yeye. Polisi wa Paris wanapekua nyumba yake usiku baada ya usiku kwa miezi mitatu, wanachoma mito kwa sindano, wanakagua miguu ya viti kwa hadubini. Hawapati kitu. Dupin, mpelelezi wa hadithi hiyo, anakwenda kumsalimia, amevaa miwani ya kijani akilalamika kwamba macho yake ni dhaifu, na nyuma ya miwani ile anazungusha macho chumba kizima. Anaiona barua. Imewekwa wazi kwenye kishikio cha karatasi, imekunjwa upya nje ndani, imechafuliwa na kuchanwa karibu vipande viwili kama takataka.

Sasa angalia anachofanya. Hasemi neno. Anaondoka na kusahau kwa makusudi kikasha chake cha ugoro. Kesho yake anarudi kukifuata, barabarani mlio wa bunduki unasikika (mpigaji ni mtu aliyelipwa na Dupin), waziri anakimbilia dirishani, na Dupin anabadilisha barua, anaacha ya bandia iliyofanana nayo. Basi. Hakuna aliyekiri, hakuna aliyetabasamu vibaya. Waziri anaendelea kutembea kwa kiburi cha mtu mwenye silaha, kumbe alichonacho ni karatasi tupu.

Tena tupu si tupu. Dupin ameandika humo maneno, na siku waziri atakapoifungua atautambua mwandiko wa Dupin. Zamani kule Vienna waziri alimtendea ubaya, na Dupin hakusahau. Mimi hapo ndipo ninaponong'ona "ala!" kila ninaposoma, na nimesoma mara nyingi mno kwa umri wangu.

Ndani ya hadithi hiyo hiyo kuna mtoto bingwa wa mchezo wa kukisia kama gololi zilizo mkononi mwa mwenzake ni shufwa au witiri. Siri yake ni kwamba anaiga uso wa mwenzake, anaukunja wake vile vile, halafu anangoja aone ni mawazo gani yatamjia. Je, Kambo wako amewahi kuukunja uso kama Mhasibu?

Hesabu Tu

Bibi Maktaba kamaliza, ila kuna jambo hapo kwenye gololi. Mtoto akikutana na mtoto mwingine anayeiga nyuso pia, kila mmoja anaiga uso wa mwenziwe anayeiga uso wake. Hapo akili haina chini, ni kama vioo viwili vilivyotazamana.

Mfano mzuri ni mpelelezi Sherlock Holmes na hasimu wake Profesa Moriarty, hadithi ya Arthur Conan Doyle iliyotoka Desemba 1893. Holmes anapanda treni London, stesheni ya Victoria, anataka kufika Dover avuke bahari. Moriarty amemwona, anakodi treni yake peke yake na kumfukuza. Njiani kuna kituo kimoja, Canterbury. Holmes ashuke Canterbury au aendelee Dover? Akienda Dover na Moriarty akaenda Dover, amekufa. Akishuka Canterbury, na Moriarty akakisia hivyo akashuka pia, amekufa vile vile. "Atadhani nitaendelea, kwa hiyo nitashuka, lakini atajua kwamba najua atadhani hivyo..." Endelea mpaka asubuhi.

Katika hadithi, Holmes anashuka Canterbury, anajificha nyuma ya marundo ya mizigo, treni ya Moriarty inapita kwa kishindo. Safi. Lakini mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann na mchumi Oskar Morgenstern waliifanyia hesabu safari hiyo hiyo katika kitabu chao cha nadharia ya michezo (hesabu ya maamuzi ya watu wanaoshindana). Kwa thamani walizoweka, jibu bora ni kubahatisha kwa mizani maalumu: Holmes ashuke Canterbury kwa uwezekano wa asilimia 60, Moriarty aende Dover kwa asilimia 60. Kila mmoja akifanya hivyo, treni inapoondoka Victoria Holmes ameshakuwa maiti kwa asilimia 48.

Arobaini na nane! Huyo ndiye mpelelezi maarufu kuliko wote. Maana yake, wenye akili sawa wakicheza mchezo wenye pande zilizokaribiana, mshindi anapatikana kwa karata. Ndiyo maana Kalamu Butu anashinda kwa bahati kila akiwasawazisha. Asiwasawazishe. Au aubadilishe mchezo wenyewe.

Kalamu Butu

Mkuu Hesabu Tu, nimesoma mara tatu, ahsante. Lakini si hadithi hiyo hiyo inaishia kwa kukamatana mwilini juu ya maporomoko ya Reichenbach? Yaani hata Arthur Conan Doyle alishindwa niliposhindwa mimi?

Hesabu Tu

Aliwatupa kwenye maji, ndiyo, maana alikuwa amemchoka Holmes na alitaka kumzika. Ilipofika 1903 akamrudisha, ikabidi aeleze kwamba aliyeanguka ni mmoja tu. Kwa hiyo usijifunze kwenye maporomoko. Jifunze kwenye ile ziara ya mwanzoni, Moriarty anapokuja nyumbani kwa Holmes. Anasema yote aliyokuja kusema yameshapita kichwani mwa Holmes. Holmes anamjibu kwamba basi huenda na jibu limeshapita kichwani mwake. Wanaojuana hivyo hawahitaji kurasa nne.

Msomaji wa Usiku

Nimechelewa ila nina ugomvi na Bibi. Mazungumzo yanaweza kuwa pambano, mradi kati yao asiwepo asiyejua kinachoendelea.

Porfiry Petrovich, mpelelezi, na Rodion Raskolnikov, muuaji, riwaya ya Dostoevsky ya 1866. Mara ya pili wanapokutana, Porfiry anampigia porojo ndefu: kwamba hatamkamata, kwamba mtu wa aina fulani ukimwacha huru atazunguka na kuzunguka kama nondo kwenye mshumaa mpaka aje mwenyewe. Anamweleza mtego akiwa ndani ya mtego! Halafu kwa ghafla mlango unafunguliwa na mtu mwingine anaingia kukiri mauaji yale. Mpango wote wa Porfiry unavunjika mbele ya macho yake.

Mwandishi mdogo angeishia hapo. Dostoevsky anamrudisha Porfiry mara ya tatu, safari hii anakwenda yeye chumbani kwa Raskolnikov, anavuta sigara, anaomba radhi. Anaeleza taratibu kwa nini yule aliyekiri hakuua. Raskolnikov, roho ikiwa juu, anauliza: basi nani aliua? Na Porfiry anashangaa kwamba ameulizwa. Wewe, Rodion Romanych. Nani mwingine?

Ushahidi wa maana hana. Wote wawili wanajua hana. Anampa siku moja na nusu, mbili hivi, atembee mjini, halafu aje kujisalimisha. Na hapo ndipo anapokuwa hatari, maana hana tena anachokificha, kwa hiyo hakuna cha kumshinda.

Kuna na upande mwingine ambao hamjaugusa: mpelelezi kushindwa. Hadithi ya Borges, 1942. Mpelelezi Lönnrot anapata mauaji matatu yenye mpangilio mzuri wa kitaalamu, anakokotoa mahali pa la nne, anakwenda peke yake. Adui yake Scharlach anamngoja. Mauaji ya kwanza yalitokea kwa makosa tu, ila Scharlach aliposoma gazetini kwamba Lönnrot anatafuta maana ya ndani, akamtengenezea maana ya ndani. Akamlisha alichopenda. (Samahani kwa ambao hamjasoma, mmekuwa na zaidi ya miaka 80.)

Bibi Maktaba

Huo si ugomvi, mwanangu, umenisaidia tu. Scharlach hakuushambulia udhaifu wa Lönnrot. Aliushambulia werevu wake. Lönnrot mvivu angepona.

Kalamu, una hicho kitu mkononi tangu sura ya 5 na umekikalia.

Kalamu Butu

Bibi, nimerudi. Siku tisa zimepita. Nimeandika upya, nielezeni pale panapovuja.

Hakuna tena ofisi usiku. Kambo anampelekea Mhasibu daftari moja, mchana kweupe, kwa heshima zote: "Tunaomba utukagulie, wataalamu wetu wameshindwa." Ni nakala ya leja iliyomfunga yule mtu wa nne. Ndani yake Kambo ameweka makosa saba kwa mkono wake. Sita ni ya kawaida. La saba limewekwa kwenye mstari mmoja ambao Mhasibu aliughushi zamani, akachoma ukurasa halisi (sura ya 12).

Akiusahihisha kwa namba iliyotumika mahakamani, ukurasa haujumlishiki. Akiusahihisha kwa namba inayojumlishika, ameandika kwa mkono wake namba iliyokuwa kwenye ule ukurasa uliochomwa tu, si pengine popote. Akiuacha, amesahihisha sita na kuruka moja, yeye ambaye hakuruka hata bili ya chai, na Kambo anajua pa kuchimba.

Mhasibu anauona mtego ukurasa wa kwanza tu. Sikumficha. Sura nzima ni yeye peke yake na daftari na taa, anajua kinachofanyika na anajua Kambo anajua kwamba anajua. Asubuhi Kambo anakuja kulichukua. Wanazungumza mistari sita, mmoja wao unahusu goti.

Chumvi Kidogo

Goti limebaki! Nimeridhika. Alisahihisha au aliruka?

Kalamu Butu

Nunua kitabu.

Hesabu Tu

Ni nzuri, lakini inavuja. Umehesabu milango mitatu. Wa nne: analirudisha daftari bila kulifungua. "Nina shughuli nyingi, samahani." Kwa akili yake huo ndio wa kuchagua, na Kambo hana kitu.

Kalamu Butu

Aisee. Hapo umeniharibia usiku.

Nimemwamsha dada nikamsomea ulichoandika. Amesema mlango huo upo, ila si wa mtu huyu. Amesema nimwandike amelifunga daftari, amelisukuma mwisho wa meza, amezima taa, amekwenda kulala. Halafu nihesabu mwenyewe atalala dakika ngapi.