Mimea ya kufunika udongo chini ya mti na kwenye mteremko: nichague ipi, na niandae vipi?

Mpenda Kijani (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Nyuma ya nyumba nina kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3. Nusu yake ya juu imo chini ya mti mkubwa wenye kivuli kizito, na nusu ya chini inateremka kuelekea ukutani na hupigwa na jua tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Nimepanda nyasi mara mbili bila mafanikio: chini ya mti zilipauka na kufa baada ya miezi michache, na kwenye mteremko mvua ilizing'oa kabla hazijashika, ikaacha vijifereji ambavyo sasa kiganja changu chote kinaingia. Udongo mzuri wote umerundikana chini ya ukuta, na mahali palipobaki wazi pameshikwa na ndago.

Nimeamua kuachana na nyasi na kupanda mimea inayotambaa. Jirani yangu amenipa bure fungu la mmea wenye majani ya kung'aa na maua ya manjano, ambao anauita wedelia, akanihakikishia kwamba utafunika kote kwa muda mfupi. Naomba ushauri wenu kabla sijaupanda: je, unafaa, na nianze na kazi gani?

Kivulini

Mleta mada, naona una maeneo mawili yenye mahitaji tofauti, na sidhani kwamba mmea mmoja utakufaa kote.

Nianze na chini ya mti. Kilichoua nyasi zako si kivuli peke yake. Mizizi ya mti inayofyonza maji na chakula imejaa katika sentimita 30 za juu za udongo, kwa hiyo mche mdogo unaopandwa hapo unanyimwa mwanga na pia unanyang'anywa maji. Unahitaji mmea unaovumilia yote mawili, na kwa mahali pasipo na baridi kali mimi ningechagua Ophiopogon japonicus, wenye majani membamba ya kijani iliyokoza yanayofanana na nyasi. Hukua polepole mno, hilo nakwambia mapema usije ukakata tamaa, lakini ukishashika hauhitaji kukatwa kila mara kama nyasi.

Usilime chini ya mti kwa jembe. Chimba kwa mkono vishimo vyenye upana wa kiganja katikati ya mizizi minene, weka mboji kidogo ndani ya kishimo, kisha upande. Wala usilete udongo kutoka kwingine ukaumwaga juu ya mizizi ili kusawazisha mahali, kwa sababu mizizi hiyo inahitaji hewa, na mti unaweza kudhoofika taratibu pasipo wewe kutambua sababu. Na kama kuna sehemu karibu na shina ambayo hakuna kinachokubali kuota, yaache majani makavu ya mti wenyewe yalale hapo. Nayo yanafunika udongo.

Jembe Uma

Nakubaliana na Kivulini, ila naona ndago ndiyo iliyo muhimu kuliko uchaguzi wa mmea. Ukipanda mimea inayotambaa juu ya ndago, utajikuta unang'oa magugu katikati ya mashina yaliyosukana, na kila unapovuta jani moja unavuta na miche yako.

Chimbua shina moja la ndago kwa uangalifu ulitazame. Utaona kijiti chembamba kama uzi kinachotoka kwenye kiazi kimoja cheusi hadi kingine, na kingine tena, kama shanga. Jembe la kawaida hukata uzi huo, na viazi vilivyokuwa vimelala vikitenganishwa na wenzao huchipua kila kimoja kivyake. Ndiyo sababu mtu hulima mara moja akaona ndago imezidi. Tumia jembe uma, inua udongo bila kukatakata, ufuate uzi kwa vidole na utoe viazi vyote unavyoviona. Kisha mwagilia, subiri vilivyobaki vichipue, na uving'oe vingali na majani manne au matano, kabla havijaanza kutengeneza viazi vipya. Rudia hivyo mara kadhaa. Kufunika kwa plastiki hakutoshi hapa, maana chipukizi la ndago lina ncha kali inayotoboa plastiki.

Tahadhari moja kwa sababu ya mteremko: usiufungue wote kwa wakati mmoja. Safisha ukanda mmoja unaokatiza mteremko, uufunike kwa matandazo, kisha uhamie ukanda mwingine, mvua isije ikakukuta na ardhi tupu.

Mpenda Kijani

Nawashukuru sana. Nimechimbua kama mlivyoelekeza na katika kipande cha mita moja nimetoa viazi vya kujaza kikombe, kwa hiyo nimeelewa kosa langu la awali. Sasa nabaki na swali la mteremko. Je, wedelia ya jirani niipande?

Pingili

Ndugu yangu, kwa heshima ya jirani yako, nakusihi usiipande. Jina lake la kisayansi ni Sphagneticola trilobata, na umo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani. Ni kweli kwamba hufunika haraka, lakini haujui kusimama. Kila pingili inayogusa ardhi huota mizizi, na kipande cha shina kilichochukuliwa na maji ya mvua au kutupwa na takataka za bustani huanzisha kichaka kipya mahali ambapo hakuna atakayekidhibiti. Mteremko wako unapeleka maji nje ya ukuta, hivyo utakuwa unausambaza kila mvua inaponyesha.

Kwa jua na mteremko ningependekeza Arachis pintoi, jamaa wa karanga, wenye maua madogo ya manjano na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Kwa kuwa ni wa jamii ya kunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria kuingiza naitrojeni kwenye udongo, kwa hiyo huna haja ya kuupa mbolea ya naitrojeni. Nao pia hutambaa na kuota mizizi kwenye pingili, kwa hiyo kingo zake zinahitaji kukatwa. Baridi ya barafu huunguza majani yake. Anayeishi penye baridi ya namna hiyo achague Thymus serpyllum penye jua, au Ajuga reptans penye kivuli chepesi.

Kata vipandikizi vyenye pingili tatu au nne, ufukie mbili. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30, mita zako 9 za mraba zitahitaji miche kama 100. Ukipunguza nafasi hadi sentimita 20 itahitajika kama 225, na ardhi itafunikwa mapema zaidi. Panga mistari ikatize mteremko, na miche ya mstari mmoja ielekee nafasi zilizo wazi za mstari wa juu yake, ili maji yasipate njia iliyonyooka.

Kabla ya kupanda, jaza vijifereji kwa udongo ule uliorundikana ukutani, ushindilie kidogo, kisha tandaza magunia ya katani na uyapigilie vigingi. Toboa tundu pale pa kila mche. Magunia yatashika udongo wakati mizizi ikijijenga, na baadaye yataoza yenyewe.

Mpenda Kijani

Nimekuelewa. Jirani nitamweleza vizuri. Je, nitajuaje kwamba mimea imeshika, ili nipunguze kumwagilia?

Pingili

Baada ya wiki tatu au nne, inua shina moja kwa kidole taratibu. Likikataa kuinuka, na ukaona mizizi myeupe imeingia udongoni kwenye pingili, anza kuongeza siku kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, lakini kila unapomwagilia maji yazame kwa kina. Palizi usiiache katika mwaka wa kwanza, hasa ukiiona ndago.