Mkanda wa kiuno au wa mapaja kwa kamba za kupandishia watelezaji wa theluji?

Mteremko_Mrefu
Ndugu wanajukwaa, mimi na mwenzangu tunajiandaa kwenda Canterbury, New Zealand, katika viwanja vya klabu vya Broken River na Craigieburn. Huko kinachopandisha watu mlimani ni kamba inayozunguka mfululizo, na kila mtu hujinasa kwayo kwa kibanio cha chuma kilichounganishwa na mkanda aliouvaa. Mikanda ya kukodi ipo, lakini ningependa tuwe na yetu. Ninalinganisha mkanda mpana wa kiuno, mkanda wa wapanda miamba wenye vitanzi vya mapaja, na ule mwepesi wa wapanda milima kwa skii, ambao vitanzi vyake hufunguka. Mimi natumia skii, mwenzangu anatumia ubao wa theluji. Mngechagua upi?

Kamba_Nene
Tuanze na jinsi nguvu inavyopita mwilini, maana jibu limo humo. Unaishika kamba kwa glavu, unaiacha iteleze kiganjani huku ukiikaza taratibu mpaka uende nayo kwa kasi moja, kisha unakirusha kibanio juu yake na kuibana pamoja mikono miwili ya kibanio hicho. Tangu hapo mkono una kazi ya kubana tu. Uzito wako wote unavutwa kupitia ugwe, yaani kamba fupi inayounganisha kibanio na mkanda, hadi kwenye mkanda.

Mkanda wa kiuno ukivaliwa juu ya koti linaloteleza hupanda kidogo kidogo hadi mbavuni, hasa mahali penye mwinuko mkali, na hapo unajikuta unainamishwa mbele na pumzi inabanwa. Ukivaliwa chini, juu ya mifupa ya nyonga, ukakazwa tena baada ya kuchuchumaa mara moja, hutulia vizuri zaidi. Hata hivyo vitanzi vya mapaja huuzuia kabisa usipande, na kwa mtu atakayepanda kutwa nzima naona faida hiyo inashinda nyingine zote.

Fundi_Roda
Nakubaliana na Kamba_Nene kuhusu mbavu, lakini kuna jambo zito zaidi. Kamba hizo hubebwa na roda njia nzima, na kibanio hupita juu ya kila roda kwa mtikisiko unaousikia hadi kwenye kifundo cha mkono. Chochote kinachoning'inia karibu na nyonga kinaweza kunaswa: ncha ya utepe, skafu, nywele ndefu, na vile vitanzi vya pembeni ambavyo wapanda miamba hutundikia vifaa vyao. Mkanda wa kiuno hauna vitu hivyo, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Atakayechagua wa miamba avilaze vitanzi vya pembeni kwa utepe wa gundi na kuchomeka kila ncha ndani.

Tena msidanganyike na alama ya EN 12277, kiwango cha Ulaya cha mikanda ya wapanda miamba. Kiwango hicho kinapima mkanda kwa ajili ya mtu anayening'inia au kuanguka, hakihusu mtu anayeburutwa kando ya kamba. Nguvu ya mkanda haitakuwa tatizo lenu. Angalieni bizimu, na mjaribu kuifungua mkiwa mmevaa glavu nene, kwa mkono mmoja.

Ubao_Mmoja
Kwa mwenzako jibu ni tofauti. Anayetumia ubao husimama ubavu, kwa hiyo akivutwa kutoka katikati ya tumbo nyonga zake zinapindishwa na ubao unatoka kwenye njia. Mkanda wa kiuno unaweza kuuzungusha ili ugwe utokee kwenye nyonga ya mguu wa mbele. Mkanda wa miamba una kitanzi chake katikati, na hakihami. Achukue wa kiuno.

Mteremko_Mrefu
Nashukuru sana. Je, ugwe uwe na urefu gani?

Kamba_Nene
Upimeni kwa mwili wenu. Simama kama uko kwenye kamba, uvute ugwe ukaze, kisha ushike kibanio: kiwiko kinapaswa kubaki kimekunjika. Ukiwa mrefu kupita hapo, kibanio kinakutangulia na huwezi tena kuibana mikono yake. Ukiwa mfupi mno, nyonga inasukumwa kwenye kamba na vidole vinakaribia roda, na vidole ndivyo vinavyoumia kwenye kamba hizi. Chukueni pia vifuniko vya ngozi vya kuvalia juu ya glavu, kwani kamba huzila glavu za kawaida upesi. (Mkipita Mount Cheeseman, uwanja mwingine wa eneo hilo, mkanda utabaki begini, kwa sababu huko watu huvutwa na vyuma vyenye umbo la T.)

Mteremko_Mrefu
Basi mwenzangu atachukua wa kiuno, nami nitachukua mwepesi wa kufunguka, kwa kuwa nitaweza kuuvaa na kuuvua bila kutoa skii miguuni.

Fundi_Roda
Ni uchaguzi mzuri, mradi vitanzi vya mapaja visilegee unapochuchumaa. Jaribio la kwanza lifanyeni kwenye kamba ya chini kabisa, na mwambieni opereta kwamba mikanda ni mipya, ili awatazame mnaponasa na awe tayari kusimamisha kamba.