Tumekodi ndege nzima Kigoma–Dar, bado tunapangiwa kilo 15 kila mtu. Hii ni haki?

Mwana Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, mwakeye.

Nina jambo linanitatiza na hapa nyumbani kila mmoja ana jibu lake. Mdogo wangu anaoa Dar mwezi ujao. Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga, safari ya basi hawezi, na treni tumeiogopa kwa ajili yake. Kaka mkubwa, Mungu ambariki, kajitosa kukodi ndege ndogo, Caravan. Tupo wanane: mama, bibi, baba mdogo, shangazi wawili, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 11.

Juzi kampuni imetuma ujumbe: kila abiria kilo 15, begi la mkononi likiwa humo humo, mabegi yawe laini, sanduku gumu hawapokei. Halafu wanataka uzito wa kila mtu, bibi akiwemo. Bibi kasema yeye si mkungu wa ndizi wa kuning'inizwa kwenye mizani.

Mizigo yetu: madumu matatu ya mawese ya lita 20, magunia mawili ya dagaa, boksi la migebuka mikavu, sanduku la bati la bibi lenye vitenge vya wakwe, ngoma mbili, na kiti cha magurudumu cha mama. Nguo bado sijazitaja.

Swali langu: ndege tumelipia sisi, na viti kadhaa vitabaki vitupu. Kwa nini tupangiwe kilo kama watu waliokata tiketi? Nibishane nao?

Kibirizi Boy

Hao wanawapiga. Ukikodi lori unapakia mpaka juu, dereva anasema nini? Nendeni na mizigo yenu uwanjani, watafanyaje?

Dada wa Mwanga

@Kibirizi Boy watafanyaje? Watakuachia gunia lako pale pale kwenye lami na ndege itaondoka. Nimeshuhudia. Tulikuwa kundi la kazini, wenzetu wawili walijaza uzito wa uongo kwenye fomu na mabegi yakaja mazito. Rubani, kijana mpole kabisa, alitoa mizani akapima kimoja kimoja. Mabegi manne yalibaki. Mojawapo lilikuwa langu, na mimi sikudanganya chochote.

Nauli ya Basi

Wengine humu tunachangishana nauli ya basi mpaka Kasulu, nyie mnalia kilo za ndege. Haya, napita.

Fundi Bawa

Mleta uzi, usibishane nao, tafuta kalamu. Nimepakia ndege ndogo miaka kadhaa, nikupe hesabu wanayoifanya wao ofisini.

Grand Caravan ya kawaida haitakiwi kuruka ikizidi takriban kilo 3,970, kila kitu ndani. Yenyewe ikiwa tupu na viti vyake ni kama 2,300, inategemea imefungwa nini. Inabaki 1,670. Hizo ndizo zako, ila lazima ugawane na mafuta.

Kigoma mpaka Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,080. Caravan inakwenda kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo mko angani saa tatu na nusu na ushee. Kila saa inakunywa kama kilo 165 za mafuta. Hapo ni 600. Weka akiba ya lazima, na mafuta ya kukimbilia uwanja mwingine kama Dar imefunga kwa mvua, unafika 800. Zimebaki 870. Toa rubani 90: 780. Nyie wanane, tuseme kilo 75 kila mmoja: 600. Mizigo imebakiwa na 180.

Ukigawa kwa wanane unapata 22, wao wanakupa 15. Mnaona wamewanyonya? Sasa ongeza upepo. Mnaelekea mashariki, na pepo za huku kwa sehemu kubwa ya mwaka zinatoka mashariki na kusini-mashariki, yaani zinawapiga usoni. Safari inarefuka, mafuta yanaongezeka. Na wakikuletea marubani wawili, toa 90 nyingine: zimebaki 90, kila mtu 11. Kumi na tano yao si mbaya kiasi hicho.

Ndiyo maana hoja ya viti vitupu haisimami. Kiti kitupu ni nafasi, si kilo. Ndege hii huwa inaishiwa uzito kabla ya kuishiwa nafasi.

Jambo la pili, mzigo unakaa wapi. Wewe ni mtu wa ziwani, utanielewa: ukirundika kila kitu nyuma ya mtumbwi, pua inapanda na unaanza kuomba dua. Ndege ni hivyo hivyo, mkia ukielemewa rubani anaweza kushindwa kuishika. Wanataka uzito wa kila mtu ili wajue nani akae mbele na nani nyuma. Bibi mwambie hivyo.

Mama Vitenge

Naongeza kuhusu sanduku la bati. Caravan nyingi zina boksi la mizigo chini ya tumbo, ni refu lakini kina chake ni kifupi. Begi laini unalisukuma linajikunja, bati halikunjiki na kona zake zinatoboa mabegi ya wenzako. Sanduku lenyewe likiwa tupu linakula kilo zenu bure. Hamisha vitenge kwenye begi la turubai, sanduku libaki nyumbani na funguo akae nazo bibi mwenyewe, atatulia.

Kiti cha mama watajie mapema, na uzito wake, na kama kinakunjwa. Hata wasipokitoza, kilo zake zinahesabiwa. Na uliza mama atapandaje, ngazi za Caravan ni nyembamba na nyonga haijui harusi.

Mnyamwezi wa Isevya

Kaka, hayo madumu! Dumu la lita 20 la mawese ni kama kilo 18. Matatu ni 54 kabla hujagusa dagaa. Na mafuta yale yakivuja ndani ya ndege hayatoki kirahisi, kampuni nyingi zitakataa hata ukiwa na kilo za kutosha. Samaki vilevile, harufu inakaa kwenye zulia, mteja anayefuata ni mtalii anakwenda Mahale na nguo zake za kaki.

Sisi huku Tabora asali tunaituma kwa treni. Reli ilifika Kigoma 1914, itumieni! Mawese, dagaa, migebuka na ngoma zitangulie wiki moja kabla kama vifurushi, mdogo wako akapokee Dar. Zikichelewa siku mbili bado mko salama.

Kitu kingine: muulize mwenye ndege kama anaweza kutua Tabora kujaza mafuta, na ahakikishe siku hiyo yapo. Kutoka kwetu hadi Dar ni kama kilomita 730, kwa hiyo hatabeba mafuta ya safari yote toka Kigoma. Ila kutua kuna gharama zake, na Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mchana wa joto hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu kunyanyuka. Waombe mtoke Kigoma asubuhi mapema.

Fundi Bawa

@Mnyamwezi wa Isevya umenena. Kwa kituo hicho anaweza kuokoa kama kilo 150 hadi 200 za mafuta. Lakini kulipia kutua ili kubeba dagaa, hao watakuwa dagaa wa dhahabu.

Kibirizi Boy

Sawa, nimeelewa, msinipige mawe. Lakini kwa nini wasiseme hivyo toka mwanzo? Wanaandika "kilo 15" kama amri ya mkuu wa shule.

Dada wa Mwanga

Hapo nakuunga mkono.

Mleta uzi, betri za akiba za simu mkae nazo mkononi, zisiwekwe kwenye begi linalokwenda chini. Na shangazi asije na mtungi mdogo wa gesi. Usicheke, nimeshaona.

Mwana Ujiji (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Jana tumepima wote kwenye mizani ya mwenye duka la nafaka, tukiwa na nguo na viatu vya safari: jumla kilo 568. Nimewatumia kampuni orodha ya kweli, mtu kwa mtu, na kiti cha mama kilo 17. Nikawauliza kama Fundi alivyonielekeza: rubani mmoja au wawili, na mzigo wa jumla ni kilo ngapi badala ya kila mtu zake.

Wamejibu kistaarabu kuliko nilivyotarajia. Rubani mmoja, moja kwa moja hadi Dar, mizigo yote pamoja kilo 150, kiti cha mama kikiwa ndani, tugawane tunavyotaka. Mawese wamekataa kabisa. Ukitoa kiti, zimebaki 133. Binti yangu ana begi la kilo 6 tu, mke wangu kachukua zilizobaki zake bila hata kuniuliza.

Madumu, dagaa na migebuka vinaondoka kwa treni Jumanne. Ngoma moja inakwenda kwa treni, nyingine baba mdogo anagoma, anasema ataipakata.

Mama Vitenge

Asiipakate, waifunge na neti. Na bibi alikubali kupanda mizani?

Mwana Ujiji (mleta uzi)

Alikubali wa mwisho, baada ya kuhakikisha mwenye duka kageukia ukutani. Ilisoma 61. Anadai mizani imechezewa, yeye tangu ujana wake ni 55.